Naota kila siku ila nikiamka vyote vimefutika, na je kujijua uko ndotoni ni kitu mtu anaweza kujifunza?

Binti_Cherehani

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa hili manake nikiuliza watu wa karibu tunaishia kucheka tu na mimi nipo siriazi. Ni fundi nguo, nipo Dar, nalala kwenye saa saba usiku kwa sababu nikimaliza kazi za wateja ndo nageukia za nyumbani, afu alamu inalia saa kumi na moja niwahi kabla foleni haijashika. Sasa mimi naota. Nina uhakika naota kwa sababu naamka na hali fulani moyoni, kuna siku naamka nimefurahi bila sababu, kuna siku naamka koo limekaba na macho yana machozi, lakini ukiniuliza umeota nini sina cha kukwambia. Kinabaki kipande tu, sura ya mtu au rangi ya kitambaa, na nikishika simu kuzima alamu basi na hicho kipande nacho kwaheri.

La pili ndo linanisumbua zaidi. Kabla ya masika niliota niko ukumbini kwenye harusi, nimemshonea bibi harusi gauni, afu kila nikiligeukia lina mikono tofauti, mara mirefu ya lesi, mara halina mikono kabisa, mara limebaki upande mmoja. Nikasema moyoni hapana, gauni hili nimelishona mwenyewe, hii ni ndoto. Jamani! Nilivyosema hivyo kila kitu kikawa wazi kupita kawaida, nikaona mpaka shanga moja moja na uzi uliozishika, nikajawa na furaha, na ile furaha tu ikanitoa, nikajikuta kitandani. Toka hapo natamani nirudi na sijui njia.

Naomba kujua, kukumbuka ndoto mtu anajifunza au ni wengine wameumbiwa hivyo? Na hii ya kujijua uko ndotoni ipo kweli kitaalamu au ni mambo ya video za mitandaoni? Mama yangu anasema nisichokonoe mambo ya usiku nitafungua milango nisiyoweza kuifunga. Sitaki kumdharau mama, nataka nielewe kwanza.

Sista_wa_Zamu

Bibie karibu. Nianze na ratiba yako manake tatizo kubwa naliona hapo hapo kabla hatujaenda mbali.

Usingizi unaenda kwa mizunguko, mmoja ni kama dakika 90. Kwenye mzunguko kuna kipindi macho yanakimbia huku na huku chini ya kope na ubongo unafanya kazi karibu sawa na wa mtu aliye macho, hapo ndo penye ndoto ndefu zenye visa. Kipindi hicho kinaitwa REM, kilitangazwa mwaka 1953 na Aserinsky na mwalimu wake Kleitman pale Chuo Kikuu cha Chicago. REM ya kwanza ya usiku ni fupi, dakika kumi hivi au chini ya hapo, ila kadiri kunavyokaribia kucha zinarefuka, za alfajiri zinaweza kufika nusu saa na zaidi. Sasa wewe unalala saa saba unaamka saa kumi na moja. Ni masaa manne. Zile ndefu ama unazikata katikati ama hazikufikii kabisa. Kwa hiyo kabla ya mbinu yoyote ongeza usingizi, hata kama ni siku usizofungua ofisi peke yake. Sisemi hivi kwa ajili ya ndoto tu, masaa manne kila siku yatakuumiza presha na mwili mzima.

Kwa nini zinafutika? Ubongo una kemikali inaitwa noradrenalini, pamoja na kazi nyingine inasaidia kukaza kumbukumbu, na wakati wa REM inashuka chini kabisa. Yaani unaishi tukio zima lakini mwandishi hayupo. Ukiamka inapanda, ndo maana ile dakika ya kwanza ina thamani kubwa, kile ulichokishika ukiwa umeamka kinabaki na usichokishika kinaondoka. Dakika hiyo hiyo wewe umeshika simu, umeona meseji ya mteja anadai nguo yake, umeshahamia huko.

Fanya hivi. Ukishtuka usijigeuze. Acha macho yamefungwa, kaa vile vile ulivyojikuta umelala, na swali la kwanza liwe "nilikuwa wapi sasa hivi, na nani?" badala ya kuwaza leo una kazi gani. Itakuja kitu kidogo, labda ni hali tu ya woga au mlango wa rangi fulani. Usikikimbilie, vuta taratibu kama unavyovuta uzi uliobaki kwenye sindano, kabla ya mlango kulikuwa na nini, kabla ya hapo je. Ndoto nyingi zinarudi kwa kurudi nyuma. Ukikosa kabisa, jigeuze ubavu mwingine unaoulaliaga na ujaribu tena, mara nyingi ndoto inarudi ukikaa mkao uliokuwa nao wakati unaiota.

Baada ya hapo ndo unaandika, na andika hapo hapo, usiseme ngoja ninawe uso. Daftari la kawaida na penseli, viwe vinafikika bila kunyanyuka. Maneno machache yanatosha, mahali, watu, ulijisikiaje, utajaza baadaye ukiwa unakunywa chai. Kama giza linakusumbua rekodi sauti kwenye simu, ila iwe imezimwa data tangu jioni. Na siku ambayo hukukumbuka chochote andika vile vile "leo sikukumbuka, niliamka na huzuni". Ile tabia ya kuandika yenyewe inaufundisha ubongo kwamba kuna mtu anahitaji hizi habari.

Usiku ukizima taa jiambie kwa nia kabisa kwamba ukiamka utakumbuka ulichoota. Watu wanaliona dogo hili lakini linafanya kazi. Na ndiyo, kuna wanaokumbuka kuliko wengine, vijana kuliko wazee, wanawake kwa wastani zaidi kidogo ya wanaume, lakini karibu kila mtu anaweza kuongeza alipo.

Mzee_wa_Hoja

Mimi kukumbuka sina ugomvi nako, ila hili la "nilijua naota" mnalipitisha kirahisi sana. Mtu akilala amelala. Akija asubuhi akakwambia alikuwa anajijua utahakikishaje? Huenda aliamka kidogo, akawaza, akarudi kulala, asubuhi akachanganya mawazo na ndoto. Tuwekeeni ushahidi sio hadithi.

Kobe_Taratibu

Mzee wa Hoja hoja yako ni nzito na ndo hiyo hiyo waliyokuwa nayo wataalamu wenyewe miaka mingi, walikuwa wanasema mtu ama yuko macho ama amelala hakuna cha katikati. Kilichovunja ubishi ni kitu kimoja rahisi sana na mimi nikikisoma huwa nafurahi upya kila mara. Wakati wa REM misuli ya mwili inazimwa usije ukarusha ngumi unazorusha ndotoni, ila macho hayazimwi. Basi kule Uingereza, Hull, April 1975, mtafiti Keith Hearne akakubaliana na jamaa anaitwa Alan Worsley ambaye alikuwa na kipaji hicho, kwamba ukijijua uko ndotoni peleka macho kushoto kulia mara kadhaa kwa mpangilio. Wakamfunga nyaya za kupima ubongo, misuli na macho, jamaa akalala, na alfajiri kalamu za mashine zikachora kushoto kulia, kushoto kulia, huku vipimo vya ubongo na misuli vinasema huyu mtu yuko REM, amelala fofofo. Kwa hiyo hakuamka akawaza afu akarudi, alituma salamu kutoka ndani. Stephen LaBerge naye akafanya ya kwake Stanford kule Marekani bila kutegemea ya Hull, akaichapisha na wenzake mwaka 1981.

Na mwaka 2021 wakaenda mbali zaidi, maabara nne za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi, washiriki 36, safari hii wao ndo wanamuuliza aliyelala. Wanamwambia taratibu 8 toa 6, na aliyelala anajibu kwa macho, kushoto kulia mara mbili. Majaribio mengi hayakupata jibu lakini majibu sahihi yaliyopatikana ni mengi mno kuyaita bahati. Na sio kitu cha watu wa ajabu, mapitio ya tafiti yaliyotoka 2016 yalikuta karibu asilimia 55 ya watu imewatokea angalau mara moja maishani, na asilimia 23 inawatokea mara moja kwa mwezi au zaidi. Kwa hiyo Binti Cherehani ulichokiona kwenye lile gauni ndicho chenyewe.

Sasa twende kwenye kufanya. Daftari analosema Sista usilione ni la kumbukumbu tu, hilo ndo mtaji wako wote. Likishajaa kidogo kaa chini ulisome lote kwa mkupuo, utaona mambo yanajirudia. Mimi yangu ni shule ya msingi niliyosoma, naota nimerudi darasa la saba na umri huu na hakuna anayeshangaa, na nyingine ni daladala inayokwenda bila konda. Ya kwako nahisi ni nguo zinazobadilika ukizigeukia mara ya pili. Kila mtu ana zake na ndo maana huwezi kuazima za mtu wa YouTube, ndoto zako zinashonwa na vitu vyako.

Ukishazijua, mchana jizoeze kusimama na kuuliza kwa dhati, naota au niko macho? Sisitizo liko kwenye kwa dhati. Watu wanajibu "niko macho" kabla hawajaangalia, na ndotoni watajibu hivyo hivyo. Angalia kweli, umefikaje hapa, dakika kumi nyuma ulikuwa wapi. Halafu pima. Kipimo ninachokipenda ni maandishi, kwa sababu ndotoni maandishi na namba hazitulii, ukisoma ukaangalia pembeni ukasoma tena zinakuwa zimebadilika. Mimi natumia tokeni ya luku. Kila nikinunua umeme zile tarakimu ishirini nazisoma, natazama ukutani, nazisoma tena huku najiuliza kweli kweli kama naota. Nimefanya hivyo mpaka siku moja ndotoni umeme umekatika kwa mama mkubwa, naletewa tokeni nisome, nimesoma inaanza na 4, nimegeuka kumwambia mtu awashe tochi, nimerudi inaanza na 7 na katikati kuna herufi. Nikajua pale pale. Kipimo kingine ni kubana pua kwa vidole afu ujaribu kuvuta pumzi, ndotoni pumzi inaingia japo umebana. Hicho hakidanganyi kirahisi na unaweza kukifanya hata kwenye mwendokasi bila mtu kukushangaa.

Kipimo peke yake lakini hakitoshi. Mbinu yenye nguvu ni ya LaBerge, ambayo inafanywa alfajiri. Siku ya kupumzika lala mapema, mfano saa nne usiku, weka alamu ya sauti ya chini saa tisa, hapo umeshalala masaa matano. Amka, kaa macho dakika chache, kumbuka ndoto uliyotoka nayo. Afu unapojilaza tena rudia moyoni "nikiota tena nitakumbuka kwamba naota", na wakati unasema ujione umerudi kwenye ile ndoto, unaliona gauni linabadilika mikono, na safari hii unalitambua. Rudia mpaka usingizi ukuchukue. Sio kasuku wa maneno, ni nia, namna ile ile unavyojiwekea kwamba nikifika kituoni nitampigia dada simu. Denholm Aspy wa Adelaide, Australia, alipima mwaka 2017, waliounganisha vipimo vya mchana, kuamka alfajiri na hiyo sentensi walifanikiwa karibu asilimia 17 ya majaribio, na wale waliopata usingizi ndani ya dakika tano baada ya sentensi wakafika asilimia 46. Kwa hiyo usikae macho nusu saa kwenye simu ukafukuza usingizi.

Abuu_Mwambao

Assalaam alaykum wote. Dada nimesoma habari ya mama yako nikaona niseme neno, mimi ni mtu wa Pemba.

Mama usimlaumu, anajua anachokiogopa. Sisi tulivyosomeshwa ndoto ziko za aina tatu, njema inayotoka kwa Mwenyezi Mungu, mbaya ya shetani, na ile nafsi inajizungumzia yenyewe mambo ya mchana. Ukiota njema mshukuru Mola na msimulie unayempenda. Ukiota mbaya temea kushoto kidogo mara tatu, jikinge kwa Mungu na shetani, geuka ubavu mwingine, na usimsimulie mtu, haitokudhuru. Kuikumbuka ndoto yako si dhambi, ungejuaje ni njema au mbaya kama hukuikumbuka? Hilo la kujijua ndotoni mimi si shekhe wa kukupa fatwa, muulize unayemwamini, ila kwa ninavyoliona mtu kujua kwamba amelala si kuita kitu.

Ninachodhani mama anakiogopa hasa ni kukabwa usingizini. Na huko ndiko mnakoenda na hizo alamu za usiku kwa hiyo lisemwe. Mwaka 1995 kwetu Pemba ulipotokea ule mtafaruku wa Popobawa, lile jini lililosemwa linavamia watu usiku, nilikuwa mdogo, watu wazima walikuwa wanalala nje uwanjani kwa makundi, moto umewashwa, hakuna anayetaka kulala peke yake ndani, baadaye ukaingia mpaka Unguja. Wapo watafiti walioandika kwamba sehemu ya yale watu waliyosimulia, uzito kifuani, huwezi kunyanyuka, huwezi kupiga kelele, kuna mtu chumbani, inafanana na ile hali ya mtu kuamka akili kabla mwili haujafunguliwa. Sisemi kila alichokiona kila mtu ni hicho. Nasema hali hiyo ipo, inatokea dunia nzima, na inaisha yenyewe. Ikikupata usishindane nayo, vuta pumzi taratibu, soma unachosoma moyoni, tikisa kidole cha mguu. Na usilale chali, kulala chali kunaileta zaidi.

Jingine jepesi. Kwa anayefunga hahitaji alamu ya kitaalamu. Ramadhani unaamka daku, unaswali alfajiri, unarudi kulala, na kila mtu kwetu anajua ndoto za usingizi ule zilivyo na nguvu. Anayeamka kuswali usiku mwaka mzima vile vile. Kwa hiyo hilo la kuamka na kurudi si geni kwetu hata kidogo.

Binti_Cherehani

Jamani nimesoma yote mara mbili, asanteni mno, Abuu ujumbe wako nimemsomea mama na amenyamaza anafikiri, kwa mama yangu hiyo ni hatua kubwa.

Nimeanza na daftari tu. Asubuhi ya kwanza patupu, nikaandika patupu, lakini Jumapili niliyolala bila alamu nilishtuka nikakaa kimya kama Sista alivyosema na ikaja harufu ya mafuta ya cherehani, afu nyuma ya harufu likaja duka la bibi, afu bibi mwenyewe amekaa anahesabu vifungo kwenye kopo la maziwa. Nimeandika ukurasa mzima! Bibi sijamuota, au niseme sijamkumbuka, muda mrefu sana.

Swali langu sasa, Kobe, nikifanikiwa kujijua tena nifanyeje nisitolewe? Na kuna rafiki ananiambia kuna vidonge vya vitamini vinavyoleta ndoto, ni kweli?

Kobe_Taratibu

Hongera sana, na hiyo ya kuanza na harufu ni nzuri.

Ukijijua cha kwanza usifanye chochote. Kweli. Mshtuko wa furaha ndo unaoamsha wengi. Tulia, angalia mikono yako, isugue mmoja kwa mwingine uisikie joto, gusa ukuta, gusa kitambaa, vuta harufu. Kadiri milango ya fahamu inavyokuwa na kazi humo ndani ndivyo ndoto inavyokushikilia, kwa sababu akili ikikosa cha kuhisi huko inaanza kuhisi godoro. Usikodolee kitu kimoja muda mrefu, tembeza macho. Ukiona picha inafifia inakuwa ya kijivu, sugua mikono tena au zunguka palepale kama mtoto anavyozunguka, hiyo LaBerge aliipendekeza na kwangu inasaidia. Na uwe na jambo moja dogo ulilopanga tangu mchana, mfano kusoma kilichoandikwa kwenye bango la ukumbi, au kumuuliza bi harusi jina lake. Usipange kuruka angani siku ya kwanza, utaamka.

Ukiamka bado pima. Pua. Kuna kuamka kwa uongo, unajikuta chumbani, unapiga mswaki, unavaa, kumbe bado umelala. Wengi wanapoteza ndoto nzuri hapo.

Sista_wa_Zamu

La vidonge acha nilijibu mimi. Wanazungumzia vitamini B6. Kuna jaribio la Australia la mwaka 2018, walipewa miligramu 240 kabla ya kulala kwa siku tano mfululizo na wakakumbuka ndoto kwa wingi zaidi, ila hazikuwa ang'avu zaidi wala za ajabu zaidi. Mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni miligramu moja na kidogo. Dozi kubwa za B6 ukizifululiza zinaharibu mishipa ya fahamu, miguu inakufa ganzi na kuwaka moto, na wewe kazi yako ni kukanyaga cherehani. Achana navyo, daftari linakutosha.

Na kwa wengine wanaosoma, vinavyoua ndoto vipo na ni vya kawaida. Pombe ya usiku inabana REM nusu ya kwanza ya usiku na inakatakata usingizi nusu ya pili. Bangi inapunguza REM, ndo maana anayeacha ghafla anaota ndoto kali wiki za mwanzo akadhani amerogwa. Baadhi ya dawa za sonona nazo zinabana.

Mgeni_Kimya

Naomba nichomekee hapo kwenye dawa. Mimi natumia dawa za kila siku kutoka CTC, kliniki ya VVU. Zamani kidonge changu kilinipa ndoto ambazo nilikuwa naogopa kulala, rangi kali, watu waliokufa, naamka nimelowa jasho. Sikuthubutu kumwambia mtu. Nilivyobadilishiwa zikapungua. Kuna uhusiano au ni mimi?

Sista_wa_Zamu

Kuna uhusiano na asante kwa kuliandika, umesaidia wengi wasioweza kuuliza. Kidonge kilichotumika sana miaka ile kilikuwa na efavirenz ndani yake, na ndoto kali ni moja ya athari zake zinazojulikana kabisa, pamoja na kizunguzungu, ndo maana watu waliambiwa wameze usiku wakati wa kulala. Baadaye wengi wakahamishiwa kwenye chenye dolutegravir. Huyu naye anasumbua usingizi wa baadhi ya watu, na anayesumbuliwa anaweza kuulizia kumeza asubuhi. Ila sikia ndugu yangu, na yeyote anayepitia hili, usiache dozi hata siku moja kwa sababu ya ndoto. Rudi kliniki useme neno kwa neno ulivyoandika hapa, hiyo ni habari ya kitabibu sio aibu. Mefloquine nayo, ile ya kuzuia malaria wanayokunywa wasafiri, inajulikana kwa ndoto mbaya.

Lindo_la_Usiku

Mimi ni mlinzi, naingia saa kumi na mbili jioni natoka kumi na mbili asubuhi. Nalala mchana, jua, kelele za watoto na muuza ice cream. Ndoto naikumbuka moja tu na hiyo sitaki kuikumbuka, ni ajali ya bodaboda niliyopata, inajirudia vile vile, taa za fuso, breki, naamka. Haya ya kujijua ndotoni yanaweza kunisaidia kuibadilisha?

Kobe_Taratibu

Pole sana mkuu. Yanaweza, kuna wanaojijua katikati ya jinamizi na likaisha nguvu hapo hapo, ila kwa ndoto ya tukio la kweli mimi ningemwachia Sista, na kwa mtu wa zamu sitaki nikwambie ukatize usingizi ulio nao kidogo tayari.

Sista_wa_Zamu

Pole kaka. Nakubaliana na Kobe, kwako usianze na alamu wala mbinu za alfajiri, tena mtu aliyewahi kuugua akili mpaka akawa anasikia sauti au kuona visivyopo nisingemshauri kabisa achezee mpaka wa ndoto na kuwa macho.

Kwa jinamizi linalojirudia kuna njia inayofanywa ukiwa macho na imepimwa vizuri, Barry Krakow na wenzake Marekani waliitangaza mwaka 2001 baada ya kuifanya na wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, majinamizi yakapungua na usingizi ukaboreka. Unachukua ile ndoto, unaiandika, halafu unaibadilisha unavyotaka wewe. Hulazimiki kuifanya iwe ya furaha. Fuso linaweza kupita pembeni na dereva akakupungia mkono, au ukawa umeegesha kijiweni unakunywa chai na unaliona likipita. Kila siku ukiwa umetulia, dakika kumi hadi ishirini, funga macho uitazame ile mpya, sio ile ya zamani. Ya zamani huihitaji tena, umeshaiandika. Kama ajali yenyewe bado ni mbichi sana, mwili unatetemeka ukiifikiria, basi anza na ndoto nyingine mbaya nyepesi kuliko hiyo upate mazoezi.

Kwa usingizi wa mchana, kitenge kizito au kanga mbili dirishani zizibe mwanga, pamba masikioni, chai na kahawa ziishie katikati ya lindo na sio mwisho, na ukitoka kazini usikae sana juani kabla ya kulala. Lala saa zile zile hata siku za off kadiri unavyoweza.

Ukiona wiki zinapita na fuso bado linakuja, au mchana unashtuka ukisikia breki, au unakwepa barabara, nenda hospitali ya mkoa uulize kitengo cha afya ya akili, useme ni ajali na usingizi. Utasikilizwa. Na uendelee kutuandikia hapa unavyoendelea, mimi zamu zangu ni za usiku pia, nitakujibu.